Mpiga dramu, jifunze kinanda

Kijana mmoja wa Mwanza ameniandikia wiki hii. Anapiga dramu kanisani, amepata nafasi kwenye bendi ya harusi, na rafiki zake wanamshinikiza achague: awe mtu wa gospo, au wa rumba, au wa jazi, kwa sababu anayegusa kila kitu hajulikani kwa lolote. Akamalizia hivi: "Shikamoo kaka, hivi kweli mpiga dramu anaweza kuwa mtunzi?"

Marahaba, mdogo wangu. Anaweza, na sisemi hivyo kukufariji. Mwezi uliopita, hapa Dar es Salaam, tulipiga tungo zangu kuanzia saa mbili usiku mpaka watu walipoanza kutafuta usafiri: kinanda, gitaa la besi, saksafoni, na mimi kwenye dramu. Hatukukopa wimbo wa mtu hata mmoja. Mama mmoja alitufuata baadaye akauliza mtunzi ni nani kati yetu, na macho yake yalikuwa kwa mpiga kinanda. Nikamjibu ni mimi. Nilijibu kwa sauti, ili na waliokuwa wanafungasha vyombo wasikie.

Rafiki zako wanakuuliza swali la mitindo. Mimi naona swali lako ni la masikio. Mpiga dramu anayesikia mdundo peke yake atabaki mtu wa mtindo mmoja hata akijifunza mitindo ishirini. Anayesikia wimbo ataingia popote. Kwa hili nina shahidi mkubwa kuliko mimi.

Jack DeJohnette, mpiga dramu wa jazi wa Marekani, alizaliwa Chicago mwaka 1942 na akafariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 83. Watu wanamkumbuka kwa dramu, lakini alianza na piano akiwa mtoto mdogo, na alikuwa tayari kijana aliposhika vijiti. Pale pale Chicago alikaa na watu wa jazi huru, isiyofungwa na kanuni, kama Muhal Richard Abrams na Roscoe Mitchell, na akapanda jukwaani na kundi la mpiga saksafoni John Coltrane kabla New York haijamjua. Mwaka 1966 akaingia kwenye kundi la mpiga saksafoni Charles Lloyd, ambako mpiga piano alikuwa Keith Jarrett.

Sasa tazama miaka miwili tu ya maisha yake. Juni 1968 yuko Montreux, Uswisi, na Bill Evans, mpiga piano ambaye ukimpigia kwa nguvu unamfuta kabisa. Agosti 1969 yuko studio New York na mpiga tarumbeta Miles Davis wakirekodi albamu ya Bitches Brew, vinanda vya umeme, gitaa la umeme, wapiga dramu wawili kwa wakati mmoja. Mikono ni ileile. Kwa Evans anagusa toazi kama anayemjibu mtu anayeongea taratibu. Kwa Miles anashikilia mdundo mmoja mzito mpaka unahisi sakafu inatembea. Hakubadilika kuwa mtu mwingine. Alikuwa anasikiliza wimbo unataka nini, basi.

Na hapa ndipo nataka usome mara mbili. Kwenye albamu yake ya kwanza kwa jina lake, The DeJohnette Complex, iliyorekodiwa 1968, utamsikia anapuliza melodika, kinanda kidogo cha kupuliza kwa mdomo, huku dramu za baadhi ya nyimbo zikiwa kwa Roy Haynes! Mpiga dramu anatoa albamu yake ya kwanza na anamwachia mwingine kiti. Baadaye akaunda kundi la Special Edition, akalitungia na kulipangia saksafoni mwenyewe. Mwaka 1985 akatoa albamu akiwa kwenye piano. Kwa zaidi ya miaka 30, tangu 1983, alipiga na Jarrett na mpiga besi Gary Peacock nyimbo za zamani ambazo kila mtu anazijua, na akazifanya zisikike kama zimetungwa jioni ile.

Mimi nilimpata kupitia CD ya watatu hao iliyosahauliwa na mgeni katika hoteli moja Zanzibar nilikokuwa napiga. Nilikuwa nimeshatoka mbali. Nilianza Tanga, bendi ya tarumbeta ya kanisani, nikibeba ngoma kubwa ambayo ilinizidi mwili. Nikaja Dar nikaingia muziki wa dansi. Dansi ilinifundisha kuvumilia: sebene likianza, snea, ile ngoma ndogo ya mbele, na haihati, toazi mbili za mguu, haziruhusiwi kuyumba hata gitaa la solo liruke wapi, kwa sababu wachezaji wanakutegemea wewe, hawamtegemei yeye. Kisha nikapata kazi kwenye taarab ya kisasa. Huko nilijifunza kunyamaza. Mwimbaji akiwa anashusha mafumbo yake, ukijaza madoido unamharibia, na watu wanaomtunza fedha watakuangalia vibaya. Chakacha nayo, ngoma ya pwani, ina mapigo yake sita yanayozunguka, na ukiyahesabu kwa nne umepotea.

Miaka iliyofuata sina haja ya kuisimulia. Nilipiga harusi, nililipwa.

Ila kuna jambo moja nitalisimulia. Bendi moja niliyoitumikia kwa muda mrefu ilikuwa inarekodi. Wimbo mmoja ulikuwa umekwama, hauna mlango wa kuingilia. Nikawaimbia wapiga tarumbeta sauti ambayo nilikuwa nayo kichwani tangu asubuhi, nikawaonyesha na namna mdundo unavyokatika kabla mwimbaji hajaingia. Wakaupiga. Wimbo ukashika, ukachezwa redioni, na hata leo ukipigwa baa watu wanaitikia pale mwanzo kabla ya maneno yoyote. Jina langu halikuandikwa. Nilipouliza, nilijibiwa mbele ya wenzangu kwamba mpiga dramu hatungi, mpiga dramu anapiga. Na wenzangu wakacheka. Nimesamehe mengi katika kazi hii, lakini kicheko kile bado nakisikia.

Ndiyo maana nilipoisikia ile CD sikulala. Nilisikia dramu zinazojua maneno ya wimbo. Nikaanza kutafuta kila kitu cha mtu huyu, na nilipogundua kwamba alikuwa mpiga piano tangu utotoni, nikaelewa kilichonikosesha jibu siku ile ya kurekodi. Nilikuwa na wimbo kichwani, ila sikuwa na namna ya kuuweka mezani ukaonekana ni mali yangu. Sauti ya mdomo inapita na upepo, na aliye na kinanda anaidaka na kuiita yake.

Nikajifunza kinanda. Kilikuwa cha kanisa, vitufe viwili havitoi sauti, na mhudumu alikuwa ananiachia ufunguo baada ya ibada ya jioni. Nilianza kwa kutafuta nyimbo za Zabron Singers, kundi la gospo, sauti ya kwanza kwa mkono wa kulia, besi kwa kushoto. Kisha nikazihamishia tungo zangu. Niliporudi kwenye dramu, watu walianza kuniambia nimebadilika, na mimi sikuwa nimefanya zoezi hata moja jipya la vijiti. Nilikuwa najua tu kiitikio kinaelekea wapi, kwa hiyo sikuhitaji kujaza njia nzima.

Kwa hiyo, vijana, niambieni nani amewadanganya kwamba kasi ndiyo kipaji? Kila siku natumiwa video za mtu anapiga kanisani, mikono haionekani, na wimbo wenyewe haupo. Kwaya inaimba pembeni kama wageni wasioalikwa. Muziki haukuletwa duniani ili mpiga dramu aonekane! Jifunze maneno ya wimbo kabla hujakaa kwenye kiti. Uimbe huku unapiga, kimoyomoyo kama unaona aibu. Ukishindwa kuuimba, hujaujua, na usiupige. Na jifunze kinanda. Ukikosa kinanda, gitaa. Ukikosa gitaa, filimbi. DeJohnette alikuwa na melodika, chombo cha kupuliza ambacho wengine wanadhani ni cha watoto wa shule, akakipuliza kwenye albamu yake ya kwanza.

Kuhusu jazi, kwa kuwa umeitaja: usiiogope na usiiabudu. Mwendo wa wimbo hapo hauko kwenye ngoma ya mguu kama ulivyozoea kwenye gospo. Uko kwenye raidi, toazi kubwa la mkono wa kulia, na mguu unagusa ngoma kidogo sana, kiasi cha kuhisiwa na mpiga besi kuliko kusikika na watu. Mkono wa kushoto unaongea na mpiga solo. Ukishapiga taarab na ukajua kumsubiri mwimbaji, hilo utalielewa haraka kuliko Mzungu aliyesoma chuo. Tena ulete chakacha yako humo. Mwaka 2005 DeJohnette alitoa albamu na Foday Musa Suso, mpiga kora wa Gambia, wao wawili tu, na hakumtaka Suso ageuke mtu wa jazi. Usikubali na wewe kugeuzwa.

Tungo zako zirekodi hata kwa simu, siku ileile zinapokujia, na useme tarehe kwa sauti mwanzoni. Zikikamilika zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa jina lako. Usingoje ziwe maarufu, kwa sababu zikiwa maarufu wenye nazo watakuwa wengi.

Hiyo nafasi ya bendi ya harusi, ichukue. Harusi moja itakupitisha kwenye rumba, singeli, gospo na taarab kabla keki haijakatwa, na hiyo ni shule ambayo hulipi ada. Lakini kabla hamjaingia studio, uliza nani huandikwa mtunzi wimbo ukitengenezwa na wote, na uulize mbele ya wenzako wote. Halafu mchunguze mpiga kinanda wao hufika ukumbini saa ngapi kupima vyombo. Fika nusu saa kabla yake.