Jukwaa la wanafunzi Camp Randall: kwa aliyeuliza kama mdogo wake anunue tiketi

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako anayekwenda kuanza Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison anunue tiketi ya mpira wa Kimarekani wakati hata sheria zake hazijui. Anunue. Nilisoma shahada ya pili pale, na mpaka naondoka sheria zenyewe nilizijua nusunusu. Waliokujibu hapo juu kwamba mchezo unasimama kila mara wamesema kweli: mechi ya dakika 60, yaani robo nne, inakula saa tatu na zaidi. Ila hapo ndipo uhondo wa jukwaa la wanafunzi ulipo. Mpira ukisimama, watu wanatafuta la kufanya, na wanalolifanya ndilo lililonipeleka uwanjani.

Uwanja unaitwa Camp Randall kwa sababu wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ilikuwa kambi ya kufundishia askari wa upande wa Kaskazini. Ulifunguliwa 1917 na sasa unaingiza watu zaidi ya 75,000. Wanafunzi wana vitalu vyao vyenye herufi, na humo hakuna anayekaa. Benchi ni la kusimamia. Kitalu O na kitalu P wana ugomvi wa kudumu: upande mmoja unaporomosha tusi, wa pili unajibu, kwa zamu, kwa sauti moja, na ni matusi ya nguoni kweli. Uongozi ulishawaandikia kuwasihi waache, wapi! Kama mdogo wako kalelewa kama tulivyolelewa wengi humu, akae mbali na herufi hizo mbili.

Sasa lile lenyewe. Robo ya tatu ikiisha, kabla ya ya nne kuanza, spika zinapiga Jump Around, kibao cha 1992 cha kundi la rap la House of Pain, na jukwaa zima linaruka. Siyo kuruka kwa kuzuga. Zege unalisikia likitikisika chini ya nyayo, na waliokaa juu kwenye vyumba vya waandishi wa habari wanatikiswa pia. Ukiwa katikati huna hiari, ukigoma kuruka utarushwa na mabega ya jirani zako.

Mtu akiona anadhani jambo hili ni la tangu enzi za mababu. Lilianza Oktoba 10, 1998, siku walipokuja Purdue, timu ya chuo kingine. Mrusha mpira wao alikuwa Drew Brees, ambaye baadaye alipata jina kubwa kwenye ligi ya kulipwa. Siku ile alirusha mara 83 na bado akapoteza, 31 kwa 24. Vijana wa masoko wa idara ya michezo walitaka tu kuchangamsha watu, wakaweka wimbo, wanafunzi wakaupokea. Basi. Halafu 2003, uwanja ukiwa kwenye ukarabati, wakubwa wakaufuta wimbo kwa kuhofia usalama wa jengo. Wanafunzi wakaja juu. Wahandisi wakasema jengo linahimili, wimbo ukarudi. Ukiwaza, wengi wa waliogomba mwaka ule walikuwa sekondari, au hata shule ya msingi, wimbo ulipopigwa mara ya kwanza. Chuoni watu wanakaa miaka minne wanaondoka, kwa hiyo cha miaka mitano tayari ni cha wazee. Mgeni naye anapata nafasi kwa mlango huohuo: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka kijiji cha Wisconsin na wa kutoka Mbeya wote wanafundishwa siku moja.

Asikose pia mechi ya kuwakaribisha wahitimu wa zamani, ile ya msimu wa kupukutika majani. Wanafunzi wa sheria wa mwaka wa mwisho wanaingia uwanjani na kofia za duara na bakora, wanakimbia hadi kwenye goli, wanarusha bakora juu ya mwamba na kujaribu kuidaka upande wa pili. Ukidaka, kesi yako ya kwanza utashinda. Mimi si mtu wa ramli, ila nilicheka sana kuona mawakili watarajiwa wakigombania fimbo.

Mechi ikiisha asikimbilie basi. Bendi inabaki uwanjani na kupiga kwa muda mrefu, wanaita robo ya tano. Wapuliza matarumbeta wanacheza kama walevi, jukwaa linaimba, na hata timu ikiwa imefungwa watu wanabaki. Wimbo wa chuo wa kushikana mabega na kuyumba ataujulia hapohapo.

Kinachoniudhi ni uchelewaji. Mechi nyingi zinaanza saa tano asubuhi kwa matakwa ya televisheni, na mpira ukianza nusu ya jukwaa la wanafunzi ni benchi tupu, wenyewe bado wako kwenye baraza za nyumba za jirani na bia na soseji. Mwenye kuwahi anapata nafasi nzuri chini, na asiyekunywa hana sababu ya kuchelewa.

La hatari ni moja. Wakishinda mechi kubwa, asishuke na wanaovamia uwanja. Oktoba 30, 1993, baada ya kuwafunga Chuo Kikuu cha Michigan 13 kwa 10, wanafunzi walisukumana kuelekea uwanjani wakabanana kwenye vyuma vya mbele. Makumi waliumia, baadhi vibaya sana, na wachezaji wenyewe walisaidia kuwachomoa. Hakuna aliyekufa, lakini ilikuwa karibu.

Tiketi za msimu mzima zinagombaniwa, ila wenye nazo huuziana mechi mojamoja. Achague ya Septemba au Oktoba. Novemba kule baridi inashuka chini ya sifuri, kwa hiyo sweta, kofia na glavu zote avae mwilini kabla hajatoka bwenini.