Re: Maji yanatuama bafuni na fundi anadai salio

Ndugu wa Njiro, pole. Kwa ulivyoeleza, maji yanatuama konani, tailizi kadhaa zinalia mvungu ukizigonga, na fundi anataka hela leo, eti atamalizia na saruji nyeupe. Salio lisitoke kwanza.

Kutuama ni mteremko. Laza pimamaji kuelekea tundu la maji, inua ncha ya chini mpaka povu likae katikati, upime pengo: kila mita ishuke sentimita 1.5 hadi 2. Kama inashukia ukutani, hapo hakuna kuzibaziba, eneo hilo libomolewe.

Mvungu maana yake udongo wa saruji uliwekwa kwa mabonge katikati, pembe zikabaki hewani. Gonga kila pembe kwa sarafu, weka alama ya chaki. Moja moja ukutani si hoja. Sakafuni, hasa chini ya bomba la mvua, ng'oa, maana zitapasuka. Akirudishia, atandaze gundi kwa mwiko wa meno, kisha abandue moja mbele yako. Mgongo uwe umeshika gundi karibu wote.

Kabla ya kurudishia tailizi, dawa ya kuzuia maji ipakwe mara mbili, ipande ukutani angalau sentimita 15. Baridi ya Julai huko kwenu inachelewesha kukauka, usikubali haraka zake. Ikikauka, ziba tundu, jaza maji sentimita 3, chora mstari kwa penseli, acha saa 24 uone kama maji yatashuka.

Na anunue grauti, ile ya kujazia mianya ya tailizi. Saruji nyeupe hupasuka bafuni. Nani analipia tailizi mpya, mwandikishane kabla nyundo haijashikwa.