Ajira zimepungua na wasio na kazi nao wamepungua, nani muongo? Jibu toka kwa mbeba boksi wa Minnesota

Mkuu nimesoma swali lako mara mbili. Uko Houston unapiga boksi, binamu yako wa Brooklyn Park (kitongoji cha Minneapolis hapa Minnesota) anakwambia huku kazi ziko nje nje, halafu unakuta taarifa ya mwezi inasema Minnesota imepoteza maelfu ya ajira na hapo hapo asilimia ya wasio na kazi imeshuka. Unauliza nani anakudanganya. Hakuna anayekudanganya aisee, ila unasoma hesabu mbili tofauti ukidhani ni moja, hata mimi ilinichukua miaka kuelewa na nimeelewa kwa sababu nimepita karibu kila kundi wanalohesabu.

Iko hivi. Hesabu ya ajira wanaulizwa waajiri: kwenye kipindi cha malipo chenye tarehe 12 ya mwezi, ulilipa watu wangapi. Basi. Hesabu ya wasio na kazi wanafuatwa watu majumbani, kama kaya elfu 60 nchi nzima, unaulizwa wiki ile yenye tarehe 12 ulifanya kazi ya malipo hata saa moja? Kama hapana, wiki nne zilizopita ulitafuta? Kama hukutafuta (na hujasimamishwa tu ukisubiri kuitwa tena) basi huitwi asiye na kazi, unatolewa kwenye nguvukazi kabisa (nguvukazi ni wenye kazi pamoja na wanaotafuta), unakuwa kundi moja na mzee mstaafu anayevua samaki juu ya barafu ya ziwa. Na wengi wanadhani asilimia ile inatoka kwa wanaochukua posho ya kukosa kazi, siyo, posho ni mambo mengine.

Sasa angalia maisha yangu. Nilitua 2019 kwa bahati nasibu ya grini kadi, mwezi wa saba, na kibarua changu cha kwanza kilikuwa kwenye maonyesho ya jimbo, ile State Fair ya siku 12 inayoisha sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Mwaka ule ilikuwa Agosti 22 hadi Septemba 2, nikawa nakaanga vitu kwenye kibanda nanuka mafuta mpaka kwenye nyusi, tunalipwa kwa wiki. Tarehe 12 Agosti nilikuwa sijaanza, tarehe 12 Septemba nilikuwa nimeshamaliza. Kwa hiyo jasho lote lile, kwenye hesabu ya waajiri sikuwepo mwezi wa nane wala wa tisa. Nilipogundua hilo baadaye nilicheka peke yangu kwenye basi.

Baadaye nikaingia ghala moja kusini mwa Minneapolis, boksi kama wewe. Machi 2020 kwa ajili ya korona gavana akafunga migahawa watu wasikae ndani kula, niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja alikuwa anaosha vyombo mgahawani, akapoteza kazi kati ya chakula cha mchana na cha jioni, mimi ghala likaniongezea masaa. Chumba kimoja, jimbo moja, mwezi mmoja.

2021 nikapata cheti cha CNA (msaidizi wa muuguzi) nikaongeza kazi ya usiku nyumba ya wazee. Hapa ndipo penye utamu wa swali lako. Kwenye hesabu ya waajiri mimi nilikuwa ajira MBILI maana ghala limenitaja na nyumba ya wazee imenitaja. Majumbani mimi ni mtu mmoja tu mwenye kazi. Nilipoacha ghala mwaka uliofuata mgongo umekataa, ajira moja ikapungua kwenye takwimu za Minnesota na hakuna binadamu yeyote aliyekosa kazi. Fikiria sasa waswahili wangapi huku wana kazi mbili au tatu, wakichoka kwa pamoja utasoma "ajira zaporomoka" na wao wamelala tu.

Kinyume chake kuna jamaa yangu anaendesha Uber asubuhi mpaka usiku. Huyo hana mwajiri wa kumtaja, kwa waajiri hayupo kabisa, majumbani yupo ana kazi. Na kuna dada mmoja tulikuwa naye shifti moja anaishi Hudson, ng'ambo ya mto St. Croix, hiyo ni Wisconsin tayari. Kazi yake inahesabiwa Minnesota, yeye mwenyewe anahesabiwa Wisconsin.

Julai 2022 ikatangazwa asilimia 1.8 ya wasio na kazi hapa Minnesota, ikaandikwa kila mahali kwamba hakuna jimbo lililowahi kufika chini hivyo. Na kweli mtaani ilionekana, vibango vya kuajiri mpaka kwenye duka la donati, nyumba za wazee zinatoa bonasi ya kusaini, supavaiza anakupigia simu saa tisa usiku kwa sauti ya kubembeleza kama anakuposa. Lakini jimbo hili lina wazee wengi wanaostaafu, na sehemu ya uhaba ule ilikuwa hiyo, watu wa kufanya kazi wenyewe walikuwa hawatoshi. Ndio maana mimi siku hizi asilimia hiyo peke yake siiangalii, naangalia na nguvukazi imeongezeka au imepungua.

Hesabu yake nyepesi. Chukua watu 100 kwenye nguvukazi, wanne hawana kazi, hiyo ni asilimia 4. Wawili kati ya hao wanne wakate tamaa waache kutafuta: wanabaki 98, wasio na kazi wawili, asilimia 2 na kidogo. Imeshuka karibu nusu na hakuna aliyepata kazi hata mmoja! Mimi 2023 niliacha kazi zote nikaingia shule ya unesi, mke wangu ndiye alibeba nyumba, mimi nikatoka kwenye nguvukazi. 2024 nimemaliza nimeanza kuomba, hapo ndo nikawa "asiye na kazi" rasmi wiki kama sita hivi, yaani siku naanza kuwa na matumaini ndiyo siku mtu kama mimi anaharibu takwimu. Sikugongewa mlango mimi, lakini wangegonga ndivyo wangeniandika.

Halafu namba za mwezi mmoja za jimbo usiziamini sana. Zile kaya elfu 60 ni za nchi nzima, za Minnesota ni kiduchu, wanajazia kwa mahesabu. Kila mwanzo wa mwaka namba za ajira zinapangwa upya kwa kumbukumbu za kodi ya bima ya kukosa kazi wanayolipa waajiri. Hata za taifa zinarudiwa, Agosti 2025 walipunguza ajira 258,000 kwenye namba za Mei na Juni kwa pamoja, Trump akamfukuza kazi mkuu wa ofisi ya takwimu za kazi siku hiyo hiyo. Oktoba mwaka huo serikali kuu imefungwa, nyumba hazikuulizwa, asilimia ya mwezi ule haikutoka kabisa. Na baridi nayo: Januari ujenzi huku unalala, kwa hiyo wanarekebisha kwa msimu, ukisoma namba isiyorekebishwa utadhani jimbo linakufa.

Kwa hiyo wewe ukifungua ripoti ya DEED (hiyo ndiyo idara ya ajira ya jimbo) ruka kichwa cha habari, nenda sekta. Kama mwezi baada ya mwezi afya na huduma za jamii zinapanda, na ghala na usafirishaji zinashuka, basi binamu yako yuko sahihi kwa sababu nadhani yeye yuko kwenye wazee, na wewe wa boksi hiyo "nje nje" siyo ya kwako. Muulize anafanya nini hasa, na masaa anapewa au anayaomba. Piga pia hesabu ya kodi, Texas hamlipi kodi ya mapato ya jimbo, huku inaanzia asilimia 5.35, dola yako ya ziada inaweza kuishia hapo.

Kama una CNA ya Texas haihami yenyewe, omba kuingizwa kwenye rejista ya Minnesota kabla hujafunga virago, maana wengine wamekaa kwa ndugu wanasubiri makaratasi mpaka ndugu akachoka. Na koti usinunue Houston, la huko ni la mapambo.