Klabu yenu ikitaka kukinga chemchemi, anzieni kwa mwenye shamba

Ikifika Julai, simu huanza kuingia. Klabu za Rotary na za Lions hubadilisha viongozi tarehe 1 ya mwezi huo, na baadhi ya vikundi vyetu vya huduma hapa Kakamega na Vihiga, magharibi mwa Kenya, vimezoea kufuata kalenda hiyo hiyo. Mwenyekiti mpya anataka mradi wa maji. Amesikia kwamba sisi tumekuwa tukikinga chemchemi upande wa Shinyalu na Sabatia, yaani kuzijengea ukuta na bomba ili maji yasichafuliwe, na swali lake la kwanza ni pesa ngapi zinahitajika. Mimi humrudishia swali: hiyo chemchemi iko katika shamba la nani?

Nauliza hivyo kwa sababu saruji, mchanga na bomba hupatikana. Wanachama wakichanga, duka la vifaa vya ujenzi likipunguza bei kidogo na wanakijiji wakasomba mawe, kazi inaanza. Kinachoua mradi wa chemchemi huku kwetu ni ardhi na watu wake, na hilo halitatuliwi kwa hundi.

Magharibi tumejaliwa maji. Karibu kila bonde lina mahali ambapo maji yanachuruzika kutoka ubavuni mwa kilima, kiangazi na masika. Lakini tumebanana. Sensa ya 2019 ilionyesha Vihiga ina zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita moja ya mraba, kwa hiyo chemchemi moja iliyo katika shamba la familia moja inategemewa na boma nyingi kandokando. Ikiwa haijakingwa, watu wanazamisha mitungi moja kwa moja, ng'ombe wanakanyaga na kunywa hapo hapo, na mvua ikinyesha uchafu wote wa juu unaoshwa kuingia kwenye maji. Watafiti waliofanya kazi Busia na maeneo ya jirani walichapisha matokeo yao mwaka 2011: kukinga chemchemi kulipunguza vimelea vya kinyesi kwenye maji yanayotoka kwa takriban thuluthi mbili, na kuharisha kwa watoto kukapungua kwa robo. Kwa kazi inayoweza kufanywa na klabu ya watu wa kawaida, sijui nyingine inayolipa hivyo.

Basi turudi kwa mwenye shamba. Msiende kwake na kamera, wala msiende na fulana za klabu. Nendeni wawili au watatu, pamoja na liguru, yaani mzee wa mtaa huo, na angalau mmoja wenu awe anazungumza lugha ya hapo vizuri. Kaeni mkaribishwe. Mwacheni yeye aeleze historia ya hayo maji: nani aliyachimba kwanza, baba yake alisema nini kuyahusu, majirani wanaishi naye vipi. Mara nyingi mtagundua kwamba jambo linalomsumbua silo mlilokuja nalo. Mama mmoja kule Shinyalu alitusikiliza mpaka mwisho, akamenya kiazi alichokuwa nacho mkononi, kisha akasema, "Wanangu, maji sijawahi kumnyima mtu. Njia ndiyo inanimaliza. Kila mwaka inapanuka, na mahindi yangu yanakanyagwa." Alituonyesha. Njia ilikatiza katikati ya shamba lake, na pale palipokuwa na matope watu walikuwa wanakwepa upande, safu baada ya safu ya mahindi ikiwa imelala chini.

Kwa mama huyo kazi ya kwanza ilikuwa kuihamisha njia ipite kwenye mpaka, na kupanda ua wa michongoma kutenga shamba. Hatukuwa tumegusa jiwe hata moja la chemchemi, na tayari alikuwa upande wetu. Tangu wakati huo kila mahali tunauliza kuhusu njia kabla ya kuuliza kuhusu maji.

Jambo la pili ni makubaliano ya maandishi, na hapa naomba msione haya. Watu husema, "Huyu mzee ni mwema, ametuambia tujenge, karatasi ya nini?" Mzee ni mwema kweli, lakini mzee hatakuwepo milele. Naijua chemchemi moja iliyojengwa vizuri sana ambayo, baada ya matanga ya mwenye shamba, kijana wake alirudi kutoka mjini, akagawiwa sehemu ile, akaweka seng'enge. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumweleza lolote, na alichoona ni watu wengi kuliko anaowajua wakipita katika urithi wake. Ilichukua vikao vingi kwa chifu kuifungua, na muda wote huo wanawake walishuka hadi mtoni huku bomba likimwaga maji safi ndani ya ua.

Kwa hiyo wakati wa kuandika, awepo mzee, mke wake, na watoto wote watu wazima wanaoweza kufika, mabinti wakiwemo. Andikeni ukubwa wa eneo la chemchemi, njia inapita wapi, nani ana haki ya kuteka, na kwamba ardhi inabaki ya familia. Hilo la mwisho lisomwe kwa sauti mara mbili, kwa sababu hofu kubwa ya watu ni kwamba klabu au serikali inakuja kuchukua kipande. Watie sahihi mbele ya liguru na naibu chifu, na kila upande ubaki na nakala. Mpeni mwenye shamba pia kitu kinachoonekana: maji yanayozidi yaelekezwe kwenye hori la ng'ombe wake au kwenye nyasi zake za napia huko chini. Ni haki yake, na pia inaondoa ng'ombe kwenye jicho la maji, pale yanapotokea ardhini.

Kabla hamjaita fundi, pandeni juu ya chemchemi mtazame. Choo cha shimo kikiwa juu ya jicho na karibu, ukuta wenu mzuri utakuwa unakusanya maji yaliyochujwa kupitia chooni. Umbali unaotajwa mara nyingi ni mita 30 au zaidi, na kwa mashamba yetu ya Vihiga hilo ni gumu. Ikiwa hakuna nafasi ya kuhamisha choo, chagueni chemchemi nyingine. Kuna pia mikaratusi, miti inayofyonza maji mengi. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji, na bado ukipita mabondeni utaikuta imesimama pale pale, kwa sababu ni akiba ya familia, ndiyo karo na ndiyo nguzo za kuuza. Msimwambie mtu akate leo. Kubalianeni kwamba ikishakomaa itavunwa, visiki visiachwe vichipue tena, na miche ya miti ya kienyeji ipandwe mahali pake, mbali kidogo na jicho ili mizizi isivunje kazi.

Pimeni nguvu ya maji wakati wa kiangazi, yaani Januari au Februari. Chemchemi ya Mei inadanganya. Tengenezeni mkondo kwa jani la mgomba au kipande cha bati, wekeni mtungi wa lita 20 na mhesabu sekunde. Ukijaa kwa sekunde 40, hiyo ni lita 30 kwa dakika, na hapo kuna maji ya kutosha kazi. Andikeni hesabu hiyo na tarehe, itawafaa baadaye.

Ujenzi wenyewe ni mwepesi kuueleza, na ni rahisi kuukosea. Mnachimba kurudi nyuma kufuata maji mpaka mlione jicho lenyewe likitoka kwenye udongo mgumu au mwamba. Siku hiyo ni nzuri kushuhudia: matope yanakwisha, fundi anasafisha kwa mikono, na maji yanaanza kutoka yakiwa meupe kabisa mahali ambapo watu wamezoea dimbwi la kahawia. Mnayageuzia pembeni kwa muda, mnajenga ukuta wa mawe juu ya msingi wa zege, na mnapitisha bomba. Bomba lazima likae chini ya usawa wa jicho. Likiwekwa juu zaidi, maji yanarudi nyuma na kusukuma, na chemchemi inaweza kuhama ikatokea mahali pengine kabisa. Wakati huo huo, chini ya bomba lazima pabaki nafasi ya mtungi wa lita 20 kusimama wima. Kama mteremko hautoshi kwa yote mawili, chimbeni sakafu ishuke, msipandishe bomba.

Nyuma ya ukuta mnajaza mawe safi yaliyooshwa, makubwa chini, kokoto juu, kupita usawa wa jicho. Juu yake karatasi nzito ya plastiki, halafu udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, kisha udongo wa kawaida na nyasi. Kule juu zaidi mnachimba mtaro wa kuyageuza maji ya mvua yasipite juu ya kazi yenu, na mnazungushia ua. Chini mnajenga ngazi na mfereji wa kuondoa maji yanayomwagika, pasiwe na dimbwi la kuzalisha mbu. Mtaro wa juu ndio watu huuruka pesa zikipungua. Afadhali mpunguze rangi na kibao cha jina la klabu.

Jina la klabu lina mahali pake, sikatai. Lakini kibao kikubwa kinawaambia watekaji kwamba chemchemi ina mwenyewe mjini, na bomba likipasuka watasubiri huyo mwenyewe aje. Sisi tuliamua kibao kiwe na jina la chemchemi peke yake, jina lile ambalo kijiji kinaliita siku zote.

Kamati ichaguliwe na watekaji, kwenye baraza, kabla ya ujenzi. Nimeona kamati za wanaume watupu ambao hawajabeba mtungi tangu utotoni. Zinakutana siku ya uzinduzi na hazikutani tena. Wanawake ndio wanaojua asubuhi moja tu kwamba maji yamepungua. Mweka hazina awe mmoja wao, na mchango wa kila boma uwe mdogo wa kulipika kila mwezi hata na mjane, kwa ajili ya kununua mfuko wa saruji au kumlipa kijana wa kuzibua mtaro. Asiyeweza kulipa akate nyasi.

Sasa niseme jambo kuhusu klabu zenyewe, kwa sababu nazipenda na ningependa zifanye vizuri. Uongozi wa mwaka mmoja mmoja una uzuri wake, unazuia mtu kugeuza klabu kuwa mali yake. Lakini unamfanya kila mwenyekiti atake mradi ulio wake, na ule wa mwenzake aliyetangulia unabaki yatima. Chemchemi haiwezi kulelewa hivyo. Wekeni kamati ndogo ya maji ndani ya klabu ambayo wajumbe wake wanakaa miaka mitatu, na mmoja tu anabadilika kila Julai. Mwenyekiti mpya akitaka kazi yake ya kujivunia, mpeni uchangiaji wa damu wakati wa likizo za shule. Wanafunzi wa sekondari ni sehemu kubwa ya watoaji damu nchini, kwa hiyo shule zikifungwa akiba hushuka, na huku kwetu watoto wenye malaria kali na wenye selimundu hawangojei muhula ufunguliwe. Klabu ikihamasisha watu wazima kanisani na sokoni mwezi wa Agosti na Desemba, hiyo ni kazi kamili ya mwaka mmoja.

Utafiti ule wa Busia ulionyesha jambo lingine ambalo kila klabu inapaswa kulichukulia kwa uzito: maji yalipofika nyumbani, sehemu kubwa ya usafi ule ilikuwa imepotea. Mtungi usiooshwa, kikombe kinachochovywa na mikono ya watoto. Kutokana na kazi iliyofanywa huko huko ndipo vilipoanza vifaa vya klorini vinavyowekwa penye maji: unazungusha, kipimo cha dawa kinadondoka ndani ya mtungi, na mpaka ufike nyumbani na kusubiri nusu saa maji yanakuwa tayari kunyweka. Mkiweza kupata kimoja na mtu wa kukijaza, kiwekeni. Msipoweza, ombeni mhudumu wa afya wa jamii aje siku ya kamati afundishe kuosha mitungi kwa sabuni na kuifunika.

Na rudini kila Januari, pesa ziwepo zisiwepo. Nendeni na mtungi ule ule wa lita 20 na daftari lenye hesabu ya kwanza. Ukichelewa kujaa kuliko mwaka uliopita, angalieni kama ukuta unavuja pembeni, kama mizizi imeingia, kama kuna mikaratusi iliyochipua upya. Tembeeni mtaro wa juu wote kwa miguu. Muulizeni mama mwenye shamba kuhusu njia, na kama michongoma imeshika. Mkipata kasoro mnao mwezi mmoja na nusu hivi wa kuirekebisha kabla mvua za Machi hazijaanza.