Seti ya Topps 1971: mdogo wangu, usinunue kadi moja mara tatu

Hatimaye nimempata Munson wa 8. Wanaojua wameshaelewa, ila kwa mgeni ni hivi: nakusanya kadi za besiboli za kampuni ya Topps za mwaka 1971, na hii ni ya mchezaji Thurman Munson, kadi namba 5, gredi 8 kati ya 10 ya PSA, kampuni inayopima ubora wa kadi na kuifungia kwenye kasha la plastiki, namba safi isiyo na herufi ya kasoro pembeni, na picha imekaa katikati mpaka mke wangu, ambaye hizi kadi huwa anaziita vitambulisho vya wazee, kaishika akasema hii kweli nzuri. Kadi yenyewe imelala kwa upana, Munson yuko chini anamgusa mtu anayeteleza kuingia, vumbi limetimka, na pembeni kuna alama ya kikombe ambayo Topps waliwapa chipukizi bora. Basi nikaiposti. Pongezi zikamiminika, na katikati ya pongezi kuna kijana Mkenya yuko Minnesota akaniandikia: "Kaka, na mimi nakusanya 71. Nimepanga ninunue za 6 kwanza nimalize seti, halafu nizipandishe ziwe 7, mwisho 8. Iko poa?"

Haiko poa mdogo wangu. Ningekujibu inbox lakini swali hili naulizwa mno, bora niliandike mara moja.

Ila kwanza niseme kwa nini niko kwenye seti ya 71 na siyo ya 1952 ambayo kila mtu anaiota. Ya 52 ina kadi ya staa Mickey Mantle, namba 311, na mwaka 2022 kuna Mantle mmoja wa hiyo seti aliuzwa dola milioni 12.6, sasa pale mimi na wewe tunafuata nini? Mimi Marekani nimefikia Pittsburgh, na huwezi kuishi Pittsburgh usisikie habari za Roberto Clemente. Daraja la kwenda uwanjani lina jina lake, ukuta wa upande wa kulia uwanjani una futi 21 kwa sababu jezi yake ilikuwa 21, mimi mwanzoni nilidhani ni meya wa zamani. Kumbe ni mchezaji, Mweusi wa Puerto Rico, alikufa tarehe 31 Desemba 1972 kwenye ajali ya ndege akipeleka misaada kwa watu wa Nicaragua waliopigwa na tetemeko, na ameacha hiti (mipigo iliyomfikisha besi salama) 3,000 kamili, hazijazidi hazijapungua. Na Topps hao hao walikuwa wanamwandika "Bob" kwenye kadi, kuanzia 1957 mpaka 1969! Sisi ambao kazini majina yetu yanakatwa kila siku ili mabosi wasiumie ulimi, hilo linatugusa bwana. Ya 71, namba 630, imeandikwa Roberto.

Halafu 1971 ndiyo mwaka ambao tarehe 1 Septemba Pirates, timu ya Pittsburgh aliyochezea Clemente, walianza mechi na wachezaji tisa wote Weusi na Walatino, kitu ambacho ligi kuu ilikuwa haijawahi kukiona, wakawafunga Phillies 10 kwa 7, na msimu ulivyoisha wakachukua ubingwa mbele ya Baltimore, Clemente mchezaji bora wa fainali. Dock Ellis aliyeanza kurusha siku ile ni namba 2 kwenye seti. Stargell ni 230. Unaona sasa, seti inakuwa na watu ndani yake. Kama unakusanya 71 kwa sababu tu kuna mtu kakwambia bei itapanda, nunua hisa, nakwambia kweli.

Haya, tuje kwenye shida yenyewe. Fremu ni nyeusi. Kadi 752, seti kubwa kuliko zote ambazo Topps walikuwa wametoa mpaka wakati huo, na zote fremu nyeusi. Wino umepakwa juu ya kadibodi, halafu lile karatasi kubwa likakatwa kadi moja moja, kwa hiyo kila mahali kisu kilipopita ukingo umebaki uchi. Mtoto wa miaka ile kaichomoa kwenye pakiti pamoja na bigijii, kaifunga rababendi na wenzake, kaitia mfukoni, basi habari yake imekwisha. Kadi yenye fremu nyeupe ikiguswa kona unaweza usione. Hii ya 71 ikiguswa mtaa mzima unajua. Chukua lensi ya mara kumi, weka kadi chini ya taa, iinamishe kidogo uangalie ukingo wa chini: utaona vidoti vyeupe kama chumvi iliyomwagika mezani. Vikiwa vichache sana bado una matumaini ya 8. Vikiwa mstari mzima, usiongee na mimi kuhusu 8.

Na hapo ndipo walipo wahuni. Fremu nyeusi maana yake mtu yeyote mwenye maka peni ni fundi. Kuna muuzaji mmoja kwenye shoo ya kadi, simtaji, aliniuzia kadi ya namba za juu, zile za mwisho kwenye seti, isiyo na kasha, inang'aa, kona zimekaa, akaniapia ametoa kwenye mkusanyiko wa mjomba wake. Nikailipia ada nikaipeleka kugrediwa, ikarudi bila namba, wameandika rangi imeongezwa. Nikamtafuta shoo iliyofuata, akanitazama machoni akaniambia mauzo ni ya mwisho, kama hanijui vile. Mpaka leo nikipita meza yake moyo unanidunda. Sasa kila kadi ya 71 isiyo na kasha naitazama kwa ubavu: ule unene wa kadi pembeni unatakiwa uwe na rangi ya kadibodi, wa kijivu kijivu. Ukiona weusi umeshuka mpaka ubavuni, au weusi wa pembeni unang'aa tofauti na weusi wa katikati ukiugeuza kwenye mwanga, rudisha taratibu, sema asante, ondoka. Katochi ka taa ya UV, ka kusaidia kuona wino ulioongezwa, ni bei ndogo, kaweke mfukoni, na anayekasirika ukikatoa ameshakujibu.

Sasa plani ya kijana wetu. Tuseme tu, usinishike kwenye bei, kadi ya mchezaji wa kawaida ya 6 ni dola 12, ya 7 ni dola 25, ya 8 ni dola 70. Unanunua ya 6, unalipa na posta. Baadaye unanunua ya 7, posta tena, ile ya 6 unataka kuiuza, na wewe siyo duka, ukiiweka mnadani inaondoka kwa dola 7, mtandao unakata chake, posta inakata chake, unabaki na hela ya soda. Halafu unarudia hivyo hivyo kutoka 7 kwenda 8. Zidisha mara 752. Hiyo hela uliyopoteza katikati ingekununulia Clemente mzuri na Nolan Ryan namba 513 na chenji ikabaki. Watu wanaita kupandisha gredi, mimi naona ni kulipa kodi ya kukosa subira. Amua leo seti yako ni ya 7 au ni ya 8. Kama ni ya 7, kuwa mtu wa 7 kwa raha zako, seti ya 7 ya 71 ni kitu cha heshima kabisa. Ukiamua 8, subiri 8.

Najua utasema kaka, lakini na wewe si umepandisha Munson? Nimepandisha, ndiyo. Munson ni tofauti, kadi moja kati ya mia saba, na nilikuwa na mnunuzi wa ile 7 kabla sijalipa ya 8. Hiyo ndiyo namna pekee ninayoikubali: ya zamani iwe na mtu wake kwanza.

Kitu kingine ambacho wengi hawataki kusikia ni kwamba mastaa siyo tatizo. Mays namba 600, Aaron namba 400, Clemente, hao kila wiki wapo sokoni kwenye makasha, kila gredi unayotaka, ni hela yako tu. Zitakazokutoa jasho ni za watu ambao hujawahi kuwasikia, hasa kuanzia 644 mpaka 752. Topps walikuwa wanatoa kadi kwa mafungu msimu mzima, fungu la mwisho linatoka watoto wameshachoka na besiboli, kwa hiyo zilinunuliwa chache, na nyingine kwenye fungu hilo zilichapwa chache kuliko wenzake. Halafu fikiria mwenye nayo: mchezaji hana jina, ada ya kugredi inazidi bei ya kadi, sasa nani ataipeleka? Haendi mtu. Ndiyo unakuta kadi ya mrushaji wa akiba asiye na jina, ya 8, inapigwa mnada na watu wawili wenye seti wanaigombania mpaka unashika kichwa. Ripoti ya idadi ya PSA iko wazi mtandaoni bure, ingia, angalia namba za juu, andika zile zenye 8 chache, na hizo ndizo uzinunue KWANZA, siku yoyote zikitokea, hata kama ulikuwa unaweka hela ya Mays. Mays atakusubiri.

Kuna mzee mmoja mwenye meza ya kuuzia kwenye shoo aliwahi kuniuliza kama nimepotea, akanionyesha kwa kidole upande wa kadi za kikapu. Hakuwa na ubaya labda, lakini iliniingia. Nikamwomba namba 709. Akanyamaza. Ile ndiyo ina Dusty Baker na Don Baylor wote kwa pamoja, chipukizi, na mwenzao wa tatu Paciorek, iko kwenye fungu la mwisho, na alikuwa nayo chini ya meza hajaiweka juu. Nikamwambia senta ya kushoto imebana na kona ya juu imeguswa, bei yako ni ya 8 lakini hii ni 6. Tangu siku hiyo nikifika ananiita kwa jina, na ananiwekea vitu. Soma seti yako. Watakuheshimu wenyewe.

Kuhusu senta, yaani picha ilivyokaa katikati ya fremu, PSA kwenye 8 wanaruhusu ukingo wa upande mmoja uchukue 65 na wa pili 35 kwa mia, kwenye 7 ni 70 kwa 30. Maana yake kuna 8 imebana upande mmoja inaudhi kuitazama, na kuna 7 imekaa katikati kabisa ila ina kidoti kwenye kona. Mimi nachukua hiyo 7 bila kufikiri mara mbili, kwa sababu kwenye fremu nyeusi macho yanaona upande uliobana kabla hayajaona jina. Halafu angalia herufi. Ukiona 8 yenye OC ina maana ubora ni wa 8 ila senta imekwenda nje kabisa, na kwenye rejista ya seti ya PSA, ile orodha ya mtandaoni wakusanyaji wanaposhindanisha seti zao, herufi kama hiyo inakutoa pointi mbili, yaani 8 yako inahesabiwa 6. Watu wananunua hizo kwa sababu ni rahisi halafu wanashangaa wastani wao haupandi. Na rejista kila kadi ina uzito wake, Clemente ana uzito kuliko mrushaji wa akiba, kwa hiyo kama unafukuzia nafasi kwenye orodha, pandisha wazito. Kama hufukuzii orodha, sahau hii aya nzima.

Kuvunja kasha la 7 na kuipeleka kadi igrediwe upya ukitegemea 8, mimi sishauri. Inaweza kurudi 6.

Na kasha lenyewe siyo msahafu. Kadi ya kwanza kabisa ambayo PSA waliigredi, cheti namba moja, ni Honus Wagner ya T206, seti ya zamani ya kadi za sigara, ile iliyowahi kumilikiwa na Wayne Gretzky, nyota wa hoki, wakaipa 8. Mwaka 2013 yule aliyewahi kuiuza, Bill Mastro, akakiri mahakamani kwamba aliikata kingo. Namba moja! Kwa hiyo ukishika kasha, soma namba ukipenda, lakini baada ya hapo itazame kadi kama vile namba haipo. Ukingo, kona nne, senta mbele, senta nyuma, na huku nyuma usipite haraka, 71 ndiyo mara ya kwanza Topps waliweka picha ya mchezaji na nyuma pia, na doa la nta ya pakiti mara nyingi linakaa huku huku.

Hifadhi sisemi sana, zisikae chini ardhini kwenye unyevu, zisikae dirishani, basi.

Kwenye seti yangu zilizobaki za 7 karibu zote ni za kuanzia 644 kwenda juu, na sina haraka nazo. Ukikutana na 8 ya huko yenye senta ya kueleweka usiniambie baada ya kuinunua, niambie kabla tujadiliane kiungwana. Dabo zangu za 7, yaani kadi ninazo zaidi ya moja, nitaziorodhesha wiki ijayo, bei ni ya ndugu, posta juu yako, na kijana wa Minnesota nimeshamwekea Ellis. Clemente msiulize.