Kwa Mpelelezi Binafsi Anayekabidhiwa Kifo cha Zamani cha Askari

Familia ikikuletea kifo cha askari wa Jeshi la Marekani kilichotokea miaka ya 1950 na kuachwa bila majibu, utataka kwanza kuliona jalada lake la utumishi. Liombe, lakini usilitegemee. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika kituo cha kumbukumbu karibu na St. Louis ukateketeza majalada kati ya milioni 16 na 18, yakiwemo takriban asilimia 80 ya yale ya askari wa nchi kavu walioacha utumishi kati ya 1912 na 1960. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilijibiwa kwamba jalada halipo, nikaamini kuna mtu anayelificha, na nikapoteza miezi mitatu nikimsaka mfichaji ambaye hakuwapo.

Tafuta ripoti za asubuhi za kombania yake, ambazo nakala zake zilizopigwa kwenye mikanda ya filamu ziliokolewa baada ya moto huo. Wageni wengi huzisoma vibaya. Ripoti hiyo haikuorodhesha waliokuwapo, bali wale ambao hali yao ilibadilika: aliyelazwa, aliyetoroka, aliyehamishwa, aliyerejea. Jina la askari mwenzake lisipoonekana siku ya kifo, haina maana kwamba mtu huyo hakuwa kambini. Mara nyingi maana yake ni kinyume. Kwa hiyo soma wiki kadhaa kabla na baada, ukiangalia hasa nani alihamishwa ghafla.

Usikate tamaa kwa sababu ya umri wa kesi, kwani sheria ya kijeshi ya Marekani haina ukomo wa muda kwa mauaji. Mstaafu mmoja wa jeshi aliyeachiwa huru na mahakama ya North Carolina mwaka 1989, kwa mauaji ya 1985, alirejeshwa jeshini, na mwaka 2010 mahakama ya kijeshi ikamtia hatiani kwa ushahidi wa vinasaba, kwa kuwa jimbo na serikali kuu huhesabiwa kuwa mamlaka mbili tofauti, na kuachiwa na moja hakuizuii nyingine kushtaki. Wewe lakini huna mamlaka ya kumwita shahidi wala kupekua, na ukikuta kielelezo usikiguse. Wapelelezi wa jeshi ndio wakichukue.

Ukikutana na mkongwe wa kombania ile, usianze na kifo. Muulize kitanda chake kilikuwa wapi bwenini, na nani alilala kushoto na kulia kwake, kisha ulinganishe majina hayo na ripoti.