Anzia bandani: niliyojifunza nikinasa sauti za wawinda mbweha Leicestershire

Ukitaka kutengeneza makala ya redio kuhusu jambo linalowagawa watu, usiwaendee na swali la nani ana haki. Waulize kwanza kazi yao inafanywaje. Mimi nililijua hili nimechelewa, na wiki tatu za mwanzo za makala yangu kuhusu uwindaji wa mbweha huko Leicestershire, katikati ya England, zilipotea bure.

Nilikwenda nimesoma sana. Nilijua kwamba Sheria ya Uwindaji ya 2004, iliyokataza kumkimbiza mbweha kwa kundi la mbwa, ilianza kutumika England na Wales tarehe 18 Februari 2005. Nilijua kwamba Septemba 2002 watu wapatao 400,000 waliandamana London kutetea maisha ya mashamba, na uwindaji ukiwa mbele kabisa. Kwa hiyo kila niliyemwekea maikrofoni nilimuuliza: unaonaje kuhusu sheria hii? Wawindaji walinijibu kwamba siku hizi mbwa wao hufuata harufu tu, iliyopakwa kwenye kitambaa kinachoburutwa shambani. Wapinzani walinijibu kwamba kitambaa hicho ni pazia la kufichia uwindaji uleule. Usiku nikivaa hedifoni nasikia risala mbili, na hakuna hata sauti moja ya mtu.

Mlango ulifunguliwa na mbwa. Nimekulia shamba, kusini mwa Unguja, ambako wasasi hutoka na mbwa wao kuwasaka nguruwe mwitu wanaofukua mihogo. Babu yangu alikuwa msasi. Asubuhi moja nilisimama nje ya banda la mbwa nimezima kinasa sauti, nikamsimulia mtunza mbwa jinsi babu alivyomtambua kila mbwa kwa mlio wake, hata akiwa ndani ya kichaka haonekani. Alinitazama kidogo, akaniambia niwashe mashine yangu.

Saa mbili zilizofuata ndizo zilizobeba makala nzima. Mbwa wale hawahesabiwi mmoja mmoja, huhesabiwa kwa jozi, kwa hiyo mbwa 35 ni jozi kumi na saba na nusu. Wakibweka pamoja juu ya harufu, wawindaji huita muziki. Wakati wa kula aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, na waliobaki wakangoja mlangoni kimya huku kucha zikikwaruza sakafu. Nyama yenyewe ilikuwa ya ndama aliyekufa kwa mkulima jirani. Mabanda mengi ya uwindaji huchukua mizoga ya mifugo kutoka mashambani na kuwalisha mbwa. Nilinasa mnyororo wa kuvutia mzoga, kisu kikinolewa, simu ikilia kwa sababu mkulima mwingine amefiwa na kondoo. Hakuna aliyesema neno “vijijini”, lakini msikilizaji ameshafika huko. Hapo ndipo ilipofaa kutaja kwamba kamati ya serikali iliyoongozwa na Lord Burns mwaka 2000 ilikadiria kazi kati ya 6,000 na 8,000 zinategemea uwindaji, na kwamba ripoti hiyohiyo ilisema kukimbizwa na kuuawa kwa mbwa humwathiri mbweha vibaya sana. Taja yote mawili kwa pumzi moja. Ukilitaja moja tu, umeshachukua upande bila kumwambia msikilizaji.

Wapinzani nao waendee kwa njia hiyohiyo. Kwa muda mrefu niliwachukulia kama watu wa kujibu hoja tu, na ninajuta. Wanaharakati wa kuvuruga uwindaji wamejipanga tangu 1963, na wana ujuzi wao: kusoma ramani, kusoma upepo, kukisia mbwa watatokea wapi. Mama mmoja, ambaye aliniomba nisimtaje jina nami sikumtaja, alijifundisha kupiga baragumu la wawindaji ili awaite mbwa na kuwatoa kwenye mbweha. Fikiria sauti hiyo: bonde moja, baragumu mbili, mlio mmoja. Moja inawatuma mbwa mbele, nyingine inawarudisha. Hakuna mjadala wa studio ungeweza kunipa kitu kama hicho.

Kuhusu vifaa nitasema machache, kwa kuwa tatizo kubwa ni upepo. Valisha maikrofoni kifuniko chake cha manyoya hata kama asubuhi inaonekana shwari. Pima kiwango cha sauti kwa baragumu, usipime kwa mazungumzo, maana mlio wake ukishapasuka kwenye rekodi haurekebishiki. Usikimbie nyuma ya farasi wa wawindaji. Chagua geti moja kando ya njia ya umma, kwa sababu ukiingia shamba la mtu bila ruhusa utapoteza imani ya pande zote, kisha simama hapo. Mbwa watasikika kwa mbali, watakaribia, watakupita, watazama tena kwenye mabonde. Na kila mahali ulipohoji mtu, nasa dakika nzima ya ukimya wa pale, kwa maana kila chumba na kila uwanja una ukimya wake, na utauhitaji utakapounganisha vipande.

Kwa sisi tunaotangaza kwa Kiswahili kuna kazi ya ziada. Neno “mbweha” humpeleka msikilizaji wetu kwa mnyama wa mbugani, yule ambaye walowezi wa Kiingereza nchini Kenya walimkimbiza kwa mbwa walioletwa kutoka kwao. Mueleze mapema: huyu ana manyoya mekundu na mkia mnene, na anaishi hata katikati ya London. Tafsiri yako nayo usiimwage juu ya mwenye sauti tangu neno la kwanza. Mwache aseme Kiingereza chake sentensi mbili, tumsikie umri wake na uchovu wake, ndipo uingie.

Nilipokaribia kumaliza niligundua kwamba anayezungumziwa na wote hajasikika popote. Nilirudi mwezi Januari, msimu wa kupandana, nikakaa usiku tatu ukingoni mwa msitu mdogo. Usiku wa tatu jike alilia. Ni mlio mkavu, mrefu, unaofanana na mtu aliyeumia. Nilimsikilizisha mtunza mbwa, nikamsikilizisha yule mama wa baragumu, kila mmoja kwa wakati wake. Wote wawili walinyamaza mpaka ulipokwisha, wakaniambia jike anaita dume. Katika makala nimeuweka mara tu baada ya zile baragumu mbili. Ni sekunde 40, na juu yake sikuweka neno.